Mkeka wa Mjomba

Mara ya kwanza kumsikia mjomba wa yule Mkolombia tulikuwa mezani, Louisville, Jumapili baada ya kanisa, mama amepika ugali na dagaa. Tulikuwa tunaishi watatu katika nyumba ile ya kupanga: mama, mimi binti yake na mdogo wangu wa kiume. Sisi ni Warundi, na mimi na mdogo wangu tulikulia kambini Kigoma, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha kule, na Kirundi pale mama alipokasirika. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mdogo wangu alikuwa anapakia mizigo ghalani, na huko ndiko alikokutana na Mkolombia huyo, kijana wa rika lake, mpole, asiye na ndugu hata mmoja mjini. Akaanza kuja kula kwetu kila Jumapili. Mama alimpenda kwa sababu alikula kwa mkono bila kuonyeshwa.

Kilichowaunganisha wale wawili ni mpira. Waliongea Kiingereza cha ghalani, maneno machache yenye makosa mengi, lakini wakianza kutaja wachezaji walielewana kama watu waliozaliwa nyumba moja.

Louisville ni mji wa farasi. Msimu wa mbio kubwa ukifika, watu wazima huvaa kofia za maua na kuweka dau mchana kweupe. Mdogo wangu alishindwa kuelewa kwamba sheria hiyohiyo, wakati ule, ilikataza kubeti mpira. Farasi ruhusa, binadamu marufuku. Alimuuliza mwenzake kama kwao nako ni hivyo. Mkolombia akamweleza kwamba kwao mchezo wa bahati ni mali ya serikali. Ukitaka kufungua duka la kubeti lazima upewe leseni, na kile serikali inachopata kinaenda kutibu wagonjwa. Ukishinda kiasi kikubwa, duka linakukata sehemu ya tano ya ushindi wako kabla hujaushika.

Mdogo wangu alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Aliniambia kwamba katika nchi ile mtu akiliwa dau lake, kuna mgonjwa mahali fulani anapata dawa, kwa hiyo dhambi iko wapi? Alithubutu hata kumwambia mzee wetu wa kanisa, Mkongo wa Bukavu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole: "Bon, mtoto yangu, mchezo ya franga ni mchezo ya franga. Donc, hata kama inajenga lopitali, weye unatafuta nini mule?"

Hata hivyo mdogo wangu hakuacha kuwaza kubeti, kwa sababu Mkolombia alikuwa na mjomba.

Mjomba huyo, kaka wa mama yake, aliishi katika mji mdogo milimani huko Kolombia. Alimtafuta mpwa wake ghafla, kwa simu, baada ya miaka mingi ya ukimya. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa sauti na ulisema tu: ni mjomba wako, bado unaangalia mpira? Tangu hapo waliandikiana karibu kila wiki. Mjomba alikuwa na duka alilozoea kubetia karibu na sokoni, na aliomba vijana wamsaidie kuchagua mechi. Wao wachague, yeye aweke dau lake mwenyewe, wakishinda wagawane. Hakuwahi kuwaomba hata senti. Alisema anapenda kuwa na watu wa kuongea nao.

Jumapili hiyo ya ugali na dagaa, Mkolombia aliweka simu mezani katikati ya masufuria, akaiwasha kwa spika ili na sisi tusikie. Ilitoka sauti ya mzee, ya chini, isiyo na haraka. Nyuma yake mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati. Sikuelewa neno hata moja, Kihispania sikijui, lakini mama aliacha kutafuna.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Mkolombia alitafsiri: mjomba anawasalimu wote mezani, na kuhusu mechi ya leo, wageni walishinda.

"Lakini haijaanza," mdogo wangu alisema.

Mkolombia alicheka. Alisema mjomba wake huongea hivyo siku zote, kama mambo yameshapita. Hasemi watashinda, anasema walishinda. Labda ni Kihispania cha milimani. Na si kwamba mjomba alipatia kila mara. Alikosea kama watu wengine wanavyokosea, na hilo ndilo lililotufanya tumwone mtu wa kawaida.

Mimi niliomba ujumbe ule urudiwe. Mkolombia alidhani nimeipenda sauti. Ukweli ni kwamba kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na sikukijua. Kazini kwetu tunasikiliza pumzi kuliko maneno. Mzee anaweza kukuambia yuko salama huku pumzi zake zinakuambia uite nesi, na baada ya muda sikio linazoea, linasikiliza lenyewe hata usipotaka. Niliposikiliza mara ya pili nikaelewa. Mzee yule hakuwa anavuta hewa. Maneno yalitoka, yakasimama, yakatoka tena, na mahali ambapo mtu yeyote angevuta pumzi palikuwa na mvua tu.

Sikusema. Ningesemaje? Ningewaambia nini vijana wawili wanaocheka juu ya sahani zao? Nilisimama nikaenda kuosha vyombo. Baadaye nilimwambia mama peke yake. Mama alichukua kitambaa akaanza kunifutia sahani, jambo ambalo hakuwa analifanya siku za Jumapili.

Tulihama Louisville kwenda Columbus, Ohio, kwa sababu ya kazi. Ghala la huko lililipa vizuri zaidi, na Mkolombia alitangulia, mdogo wangu akamfuata, na mimi na mama tukawafuata wote. Tulipata nyumba kitongoji cha Reynoldsburg, ghorofa ya chini, na Mkolombia akapanga jengo la jirani. Nilipata kazi ileile ya wazee. Sauti ya mjomba ilihama na sisi. Kila Jumapili ilikuwa pale mezani, na kila Jumapili mvua ilikuwa inanyesha kwao. Niliwahi kumuuliza Mkolombia kama kwao hakuna kiangazi. Alifikiri kidogo, akasema kipo, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtu anapopokea ujumbe wa sauti huusikiliza kwanza, ndipo anajibu. Mjomba alijibu papo hapo. Mkolombia alikuwa akimaliza kuongea, akiinua tu kidole kwenye kioo, jibu lilikuwa limeshaingia, refu, lenye majibu ya yote aliyoulizwa.

Mwaka huohuo sheria za Kolombia zilianza kubadilika. Mkolombia alitusomea habari hizo kwenye simu yake kwa furaha. Nchi yake ilikuwa ya kwanza upande ule wa dunia kuweka utaratibu wa kubeti kwa mtandao. Kampuni zitaandikishwa, kila mchezaji atajulikana kwa namba ya kitambulisho, na kodi itachukuliwa bila kukosa. Mdogo wangu aliona ni maendeleo. Mjomba hakufurahi. Katika ujumbe wake alisema zamani dukani walikutazama uso wakakupa mkeka wako, sasa wanataka kulinganisha namba za kila mtu, hata za wazee.

Mkeka ndilo neno ambalo mdogo wangu alilitumia, kama vijana wa Tanzania wanavyoiita ile karatasi ya mechi nyingi ulizozibeti pamoja. Ikikosea mechi moja, yote imekufa. Alichagua mechi nyingi kweli safari ile, za Ulaya na za Amerika Kusini, na mjomba akaweka dau. Mwisho wa juma mechi zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine. Ilipobaki ya mwisho, vijana walikaa sakafuni mbele ya televisheni. Goli lilifungwa mwishoni kabisa. Mkeka ukakamilika.

Mdogo wangu alimkumbatia mama, akanikumbatia mimi. Alishaanza kufanya hesabu za kodi. Kolombia watachukua sehemu yao ya tano, na yule mama aliyekuwa anatujazia fomu za kodi kila mwaka alikuwa ameshamwonya kwamba Marekani nayo inataka kujua ushindi wote, hata wa ng'ambo. Alisema atalipa kote kwa moyo mmoja. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kukatwa kodi namna ile.

Ujumbe wa mjomba uliingia Jumapili iliyofuata mchana. Mkolombia aliusikiliza na uso wake ukabadilika. Aliusikiliza tena. Mdogo wangu alimuuliza kuna nini.

"Alipeleka mkeka dukani," Mkolombia alisema. "Walichukua kitambulisho chake wakaangalia namba. Wamemwambia hawawezi kumlipa. Wanasema mwenye namba hiyo alishakufa."

Mwishoni mwa ujumbe mjomba alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyesikia jambo la ajabu kidogo.

Mdogo wangu alisema ni makosa ya ofisi, hata kambini watu waliwahi kufutwa kwenye orodha ya chakula wakiwa hai na wenye njaa. Ni kweli, mambo hayo tuliyaona. Lakini Mkolombia aliilaza simu kifudifudi. Alikuwa anaangalia meza.

"Mama yangu naye husema hivyo," alisema polepole. "Kwamba mjomba amekufa."

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikamuuliza anamaanisha nini. Ndipo alipotueleza. Mama yake alikuwa anaishi Buffalo. Alimtoa mwanawe milimani kwa mjomba, aliyekuwa akimlea, akiwa mtoto mdogo, akamleta Marekani. Alipokuwa kijana wa shule, mama yake alisafiri kwenda kwao mara moja, akarudi na kumwambia mjomba amekufa. Hakumwamini. Kwa nini amwamini? Mama yuleyule alimwambia zamani kwamba baba yake amekufa, na baadaye baba akapiga simu kutoka Florida, mzima, ana mke mwingine. Kwa mama yake, kufa lilikuwa neno la kumfuta mtu aliyemuudhi. Aliamini kaka na dada wamegombana, labda juu ya shamba. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa mjomba ulipoingia, alifurahi na hakushangaa, na hakumwambia mama yake ili asimkasirishe.

"Umewahi kumwona uso kwenye simu?" niliuliza.

"Anasema mtandao wao ni dhaifu."

Mama yangu aliniambia kwa Kiswahili, nimtafsirie Mkolombia: huyu mtoto aende kwa mama yake.

Tulikwenda Jumamosi, watatu, mama yangu akabaki nyumbani, mimi nikiendesha kwa sababu gari lilikuwa langu. Mdogo wangu alikaa nyuma. Ni safari ya nusu siku, na baada ya Cleveland barabara inafuata ziwa, ambalo siku hiyo lilikuwa limeganda kando na jeusi katikati. Hakuna aliyewasha redio. Simu ya Mkolombia ilikuwa mapajani mwake imezimwa. Alisema mjomba ametuma ujumbe asubuhi, na hajausikiliza.

Mama yake aliishi North Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao yenye familia mbili. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimefungwa nyuma, mikono ya mtu aliyefagia shule za watu maisha yake yote. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu, kisha akatukaribisha sisi kama watu anaowajua. Alikuwa amepika supu ya kuku na mahindi. Alitaka tule kwanza, tukala kwanza.

Ndipo kijana akamweleza, kwa Kihispania. Sikuhitaji kutafsiriwa. Niliuona uso wa mama yake ukianza na hasira, hasira ya mtu anayedhani kuna tapeli anayemchezea mwanawe. Aliongea kwa ukali, akionyesha simu kwa kidole. Kijana hakubishana. Aliiwasha, akauweka ujumbe ule wa asubuhi ambao hakuna aliyekuwa ameusikia.

Mvua ilitoka kwanza. Kisha sauti.

Mama yake aliweka kijiko chini. Hasira ilimtoka usoni na hakikuja kitu kingine mahali pake. Ujumbe ulipokwisha alinyoosha mkono akaubonyeza mwenyewe tena, na alisikiliza akiwa amefumba macho. Mdogo wangu alinitazama. Nilimwashiria asiongee.

"Ni yeye," mama yake alisema. Alilisema kwa Kiingereza, na alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mwanamke mwenzake pale. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, alikitoa neno moja moja. Alisema msimu ule mvua ilinyesha bila kukatika na mlima ukateremka juu ya nyumba wakati kaka yake yuko ndani anasikiliza mpira redioni. Majirani walimchimbua. Yeye alifika kwa ndege kesho yake akamwosha kwa mikono yake.

"Udongo ulikuwa mdomoni," alisema. "Niliutoa kwa kidole. Mwingi. Ulikuwa mwingi mpaka ndani."

Nilikumbuka mezani kule Louisville, nikamwambia, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba nimemsikiliza tangu mwanzo na sijawahi kumsikia akivuta hewa. Alitikisa kichwa kukubali, kama vile nimemwambia jambo dogo la kawaida kuhusu mgonjwa wake.

Mwanawe alikuwa analia. Alikuwa ananong'ona kitu, na baadaye aliniambia alikuwa anaomba msamaha kwa kutomwamini. Mama alimshika shingoni akaendelea kumshika, na kwa mkono mwingine akachukua simu. Alibonyeza pale pa kurekodi, akaongea. Hakuongea sana. Kijana alinitafsiria tukiwa njiani kurudi. Alisema: kaka, ni mimi. Mtoto amekua, ana kazi, anakula vizuri. Ulimlea vizuri. Sasa mwache aangalie mpira peke yake.

Aliinua kidole. Sote tulitazama kioo tukingoja jibu la papo hapo, kama ilivyokuwa siku zote.

Halikuja. Supu iliyobaki ilipoa. Mama aliinuka akaondoa sahani, akarudi akakaa. Nje kulikuwa na mwanga mweupe wa theluji, na mtu wa nyumba ya pili alikuwa anakwangua njia yake kwa koleo. Mdogo wangu alianza kuinuka ili avae koti, na ndipo simu ilipotikisika.

Ulikuwa ujumbe mrefu. Hakukuwa na sauti ya mtu ndani yake. Kulikuwa na mvua, mvua tu juu ya mabati, na tuliisikiliza wote wanne bila kugusana. Kuelekea mwisho ilianza kupungua. Ikawa manyunyu. Kisha matone, yakidondoka mbalimbali. Kisha ikakatika, na ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilidhani simu imezima. Mbali sana ndege mmoja akalia. Ujumbe ukaisha.

Tangu siku hiyo namba ile haikupatikana tena.

Mdogo wangu aliacha kubeti. Hakutangaza, hakuapa kanisani, aliacha tu. Aliendelea kuangalia mpira, lakini mtu akimuuliza nani atashinda alisema hajui. Ushindi ule hakuuzungumzia, ingawa najua alisoma habari zake, kwa sababu aliniambia kwamba kwa sheria ya kule zawadi isiyodaiwa inakaa mwaka, kisha mwenye nayo anapoteza haki, na sehemu kubwa yake inaenda kwenye matibabu ya watu. Alisema hilo halimuumi.

Mkolombia aliumia kwa namna nyingine. Alitaka kuliona kaburi. Mwaka uliofuata alikwenda, na mama yake hakumzuia. Aliporudi alipitia kwetu Columbus kabla hajafika kwake, na mama akamwekea chakula, akakaa akiangalia sahani bila kugusa.

Alisema kaburi lipo, jina limeandikwa, na mwaka ni uleule mama yake aliomwambia. Alisema mlima umeota nyasi pale ulipoteremka. Siku ya mwisho, akingoja basi, alipita sokoni akaliona duka la kubetia. Hakuwa na nia ya kuuliza chochote. Aliingia tu aone. Tangu alipochukuliwa na mama yake akiwa mtoto, hakuwa amekanyaga mji ule.

Dada wa kaunta aliinua macho, akamsalimu kama mtu anayemfahamu. Alimuuliza mbona amepotea. Kisha, kwa sauti ya kumwonea huruma, akamwambia kwamba amechelewa, muda wa mkeka wake ulishapita na pesa zimeshapelekwa zinakopelekwa. Akamkumbusha kwamba alimwambia kila alipokuja: lete kitambulisho chako mwenyewe, hiki ni cha marehemu.

"Ukamwambiaje?" mdogo wangu aliuliza.

"Nilimwonyesha kitambulisho changu. Nikamwambia mimi sijawahi kuja hapa. Alikitazama, akanitazama. Akasema uso ni huohuo, na kitambulisho ndicho hicho, ningekileta mapema."

Mama aliuliza anasema nini, nikamtafsiria. Alimsogezea sahani karibu zaidi, na kijana akaanza kula.

Hatukuhama pamoja tena. Mdogo wangu alioa, akabaki Ohio. Mimi na mama tulihamia Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, ambako nyumba wakati ule zilikuwa rahisi, na Mkolombia alikuwa ameshatangulia kwenda kuishi na mama yake. Huwa nawaona duka la vyakula Jumamosi, mama yake anasukuma toroli, mwana anabeba mifuko. Tangu aliporudi kutoka kwao kijana amefuga ndevu nyingi, zimemfunika mashavu yote, na nywele ameziacha zikafika mabegani. Mama yake aliniambia wakati mmoja kwamba hazipendi ndevu zile, zinamfanya aonekane mzee. Lakini hajawahi kumwambia anyoe.